Ufundi wa Mstari wa Mbele

Mwanzoni mwa Septemba 2012, siku chache kabla ya timu yake kuikaribisha Georgia, Sheldon Richardson wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Missouri aliwaambia waandishi wa habari kwamba alianza kuwatazama wapinzani wake kwenye televisheni, akachoka, akazima. Huo ni mpira wa wazee, alisema. Richardson hakuwa mropokaji tu; miezi michache baadaye New York Jets walimchukua akiwa mchezaji wa 13 katika drafti nzima ya NFL, ligi ya kulipwa ambayo timu zake huchagua vijana wa vyuo kwa zamu. Ila timu yake ilikuwa imetoka Big 12, ligi iliyotanua mchezo uwanja mzima, pasi za haraka, mbio mwanzo mwisho, na sasa ilikuwa imeingia SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ambayo ilikuwa imetoa bingwa wa taifa misimu sita mfululizo.

Septemba 8 wazee wakafika Columbia, nyumbani kwa Missouri. Wenyeji waliongoza hata baada ya mapumziko. Kisha mchezo ukaanza kuwaponyoka polepole. Jarvis Jones wa Georgia, ambaye kutwa nzima alikuwa akipigishana mieleka na wazuiaji wa Missouri, alinasa pasi katika robo ya mwisho, na baadaye akamfikia kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, na kumpokonya mpira. Ikaisha 41–20.

Nimeirudia mechi hiyo kwenye rekodi mara nyingi, na ninachokitazama ni wale watu watano wanaoinama mbele ya kwotabeki kila mchezo unapoanza. Senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na nje yao wazuiaji wawili wa pembeni. Sheria haiwaruhusu kukimbia mbele kupokea pasi. Senta huugusa mpira ili kuutoa tu, wenzake wanne wanaweza kumaliza msimu hawajaushika. Mbele yao, umbali usiozidi urefu wa mpira wenyewe, kuna watu wa ukubwa kama wao wanaotaka kupita. Waliozoea raga watatafuta skramu hapa, lakini hakuna kushikana kabla wala mwamuzi wa kuhesabu. Mpira ukitikisika, miili inagongana, na baada ya sekunde tatu au nne kazi imekwisha. Halafu wanainama tena, mara sitini au sabini kwa mechi.

Hatua ya kwanza ya gadi anayemfungulia njia mkimbiaji haifiki hata urefu wa unyayo wake. Ni sentimita 15 hivi, na inafanya kazi moja: kuuweka mwili kwenye pembe sahihi. Ya pili ndiyo yenye thamani, kwa sababu lazima ikanyage chini kabla mpinzani hajakanyaga ya kwake. Anayegongwa akiwa na mguu mmoja hewani ameshapoteza, awe na kilo 120 au 150. Mikono nayo ina kanuni zake: viganja vinaingia ndani kifuani pa mpinzani, vidole gumba vikitazama juu, viwiko vimebana mbavu. Mikono ikitoka nje ya mabega ya mtu, mwamuzi anaona kushika, na timu inarudishwa yadi 10. Kimo huja mwisho, nacho huamua yote. Mabega yaliyo chini ya mabega ya mwenzake ndiyo yanayosukuma, ndiyo maana vijana wa karibu mita mbili hutumia miaka ya chuo wakijifunza kukaa chini huku wanakimbia.

Kwenye pasi ufundi unageuka. Mzuiaji wa pembeni kushoto, anayelinda mgongo wa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, anarudi kinyumenyume akikabiliana na mtu mwepesi kuliko yeye anayekuja kwa mbio. Marufuku kukutanisha miguu, marufuku kuipishanisha. Akifanya vizuri, kichwa chake hakipandi wala hakishuki, kama mama aliyejitwika ndoo ya maji. Kisha lazima achague lini atoe mikono. Akiitoa mapema, mpinzani anaipangua na kupita. Akichelewa, anasukumwa hadi miguuni pa mtu anayepaswa kumlinda.

Na kuna jambo ambalo mimi huliona ndilo zuri kuliko yote. Senta na gadi wanamvaa mtu mmoja mnene kwa pamoja, nyonga kwa nyonga, wanamsogeza nyuma. Lakini macho yao hayamtazami yeye, yanamtazama beki anayesimama nyuma yake. Beki akijitokeza upande wa senta, senta anaachia na kumwendea, gadi anabaki na mzigo peke yake. Akijitokeza upande wa gadi, kinyume chake. Hakuna anayesema neno. Wakiachana mapema, yule mnene anapenya katikati yao. Wakichelewa, beki ameshamfikia mkimbiaji. Maelewano hayo hayana njia ya mkato. Watu wawili husimama bega kwa bega mazoezini, mwezi baada ya mwezi, hadi kila mmoja aisome nyonga ya mwenzake.

Sasa yapeleke yote hayo Athens, Georgia, katika uwanja unaobeba zaidi ya watu 92,000, wote wakipiga kelele wewe ukiwa na mpira. Sauti ya kwotabeki haifiki. Senta ameinamisha kichwa, gadi anageuka kumtazama kwotabeki katikati ya miguu yake mwenyewe, anaona ishara, anamgusa senta, senta anahesabu kimoyomoyo na kutoa mpira. Mzuiaji wa pembeni aliye mbali hana hata mguso huo. Anauangalia mpira kwa pembe ya jicho, huku mtu aliye mbele yake naye anauangalia mpira huo huo. Faida ya kujua mapema, ambayo ndiyo silaha ya mzuiaji, imeyeyuka kwenye kelele.

Hapo ndipo SEC ilipowazidi wageni wake. Big 12 ya miaka ile haikuwa ligi ya wanyonge, lakini mpira uliotoka mkononi mwa kwotabeki ndani ya sekunde mbili ulimpa mzuiaji kazi fupi. SEC ilimrefushia kazi hiyo, tena mbele ya zamu. Vyuo vikubwa vya kule vilikuwa na watu wanane au tisa wa kuzungusha katika nafasi nne za mbele, kwa hiyo yule anayekuja robo ya nne hajachoka. Mzuiaji habadilishwi. Anaanza, anamaliza.

Missouri ilimaliza 2012 na ushindi mara 5, vipigo 7, na ndani ya SEC ilishinda mechi 2 tu kati ya 8. Majeraha yaliuvunja mstari wake vipande vipande. Justin Britt, mzuiaji wa pembeni, alikatika kano ya goti. James Franklin, kwotabeki, aliumia bega, kisha goti, na mtu anaweza kuita hiyo bahati mbaya, lakini kwotabeki anayegongwa kila wiki huumia. Alabama iliwafunga 42–10 nyumbani. Mechi ya mwisho walikwenda Texas A&M wakapigwa 59–29.

Kipigo hicho ndicho kiliwauma kuliko vyote, kwa kuwa Texas A&M nayo ilihama Big 12 mwaka huo huo na kuingia SEC mlango huo huo. Ilishinda mechi 11 kati ya 13. Novemba 10 iliifunga Alabama, bingwa wa taifa, 29–24, kwao Tuscaloosa. Sifa zilimwendea Johnny Manziel, kwotabeki wa mwaka wa kwanza kiwanjani, aliyekuwa wa kwanza wa daraja lake kutwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Alistahili. Lakini ukizirudia zile mbio zake za ajabu, tazama nani anasimama kati yake na wanaomfukuza. Pembeni kushoto yupo Luke Joeckel, aliyekuja kuwa wa 2 katika drafti ya 2013. Kulia yupo Jake Matthews, wa 6 mwaka uliofuata, mtoto wa Bruce Matthews, mmoja wa wazuiaji wakubwa katika historia ya NFL. Gadi wa kulia ni Cedric Ogbuehi, wa 21 mwaka 2015. Wote watatu walisajiliwa na kufundishwa kabla chuo hakijakanyaga SEC. Texas A&M haikuhitaji kuzoea; ilihamia na mstari uliokwisha kuiva.

Missouri ililazimika kuuivisha. Kocha mkuu Gary Pinkel alikuwa hapo tangu 2001, na hakutimua watu kwa hasira. Mratibu wa ushambuliaji, David Yost, aliacha kazi mwenyewe. Nafasi yake akapewa Josh Henson, kocha aliyekuwa akifundisha wazuiaji. Uamuzi huo unaeleza mengi. Kisha wakaanza kuwahamisha watu. Evan Boehm, aliyecheza gadi mwaka wake wa kwanza kabisa chuoni, akawa senta. Mitch Morse, aliyekuwa senta, akapelekwa pembeni kulia. Connor McGovern akawa gadi wa kulia. Britt alirudi na goti lililotengenezwa, akasimama pembeni kushoto. Gadi wa kushoto alikuwa Max Copeland, kijana wa Montana aliyekuja Missouri bila ufadhili wowote wa michezo, akajitengenezea nafasi mwenyewe.

Majina hayo hayakumtisha mtu. Vijana wenye nyota nyingi kwenye orodha za usajili walikwenda Alabama na Georgia, kama kawaida yao. Missouri ilitegemea saa, na saa zenyewe zilikuwa na mipaka: sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ziliruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na wachezaji 85 wenye ufadhili. Mtu wa kilo 115 hawezi kununuliwa kilo 20 za ziada. Anazila, anazinyanyua kwenye vyuma, anazifundisha kutembea, na hiyo ni miaka miwili au mitatu. Ndiyo sababu vyuo vingi huwaweka pembeni vijana wa mstari mwaka wao wa kwanza, wafanye mazoezi bila kucheza mechi.

Upande wa ulinzi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Craig Kuligowski, aliyekuwa na Pinkel tangu chuo cha Toledo. Michael Sam, kijana wa Hitchcock, Texas, ambaye vyuo vikubwa havikumgombea, alikuwa katika mwaka wake wa tano. Kony Ealy alitoka New Madrid, mji mdogo kando ya Mississippi. Markus Golden alipitia chuo cha miaka miwili. Shane Ray alikuwa bado mchezaji wa akiba. Mwaka 2013 Sam alimwangusha kwotabeki mara 11 na nusu (nusu ni pale wawili wanapomfikia pamoja) akawa mmoja wa wawili waliotajwa walinzi bora wa SEC. Mwaka uliofuata tuzo kama hiyo ikaenda kwa Ray. Wote wanne walichukuliwa na NFL.

Ushindi ukafuata mwaka huo wa 2013: mara 12, vipigo 2. Georgia ilifungwa 41–26 kwake Athens, ndani ya zile kelele. Kipigo kimoja cha msimu wa kawaida kilitoka South Carolina, katika muda wa nyongeza wa pili, mpira wa teke la karibu ulipogonga mwamba. Novemba 30 ikaja Texas A&M. Matokeo yakiwa 21–21, zikiwa zimebaki dakika tatu na nusu hivi, Henry Josey alipewa mpira, akapita mlango uliofunguliwa katikati, akakimbia yadi 57 bila kukamatwa. Josey huyo aliukosa msimu mzima wa 2012 kwa goti lililoharibika vibaya. 28–21, na Missouri ikatwaa kanda ya mashariki ya SEC.

Wiki moja baadaye, Atlanta, fainali ya ligi, Auburn ikawafumua. Hapa navutiwa zaidi kuliko kwenye ushindi wote uliotangulia. Auburn haikujaribu kuwazuia Sam na Ealy; mara nyingi ilimwacha mmoja wao makusudi, asiguswe na mtu. Kwotabeki Nick Marshall alimtazama huyo aliyeachwa: akimfuata mkimbiaji, Marshall anabaki na mpira na kukimbia mwenyewe, akisita, mkimbiaji anapewa. Kasi ile ya kutoka nje, ambayo mwaka mzima ilikuwa fahari ya Missouri, ikageuzwa kuwa mlango. Na kwa kuwa mmoja ameachwa, mzuiaji mmoja amebaki huru kwenda kumgonga beki wa nyuma, na mzuiaji mwenyewe ni Greg Robinson, aliyekuja kuwa wa 2 katika drafti. Tre Mason alikimbia mara 46 na kupata yadi 304. Timu nzima ilipata 545 kwa miguu tu. 59–42. Missouri ilirudi fainali mwaka uliofuata pia, ikafungwa na Alabama 42–13. Ligi ile haina mwaka wa kuhitimu.

Julai 2024 ikawa zamu ya Texas na Oklahoma kuhama Big 12 kwenda SEC. Texas ilikuwa na Kelvin Banks pembeni kushoto, aliyetwaa tuzo ya Outland ya mchezaji bora wa ndani ya mstari, ikafika fainali ya ligi na nusu fainali ya taifa. Oklahoma iliingia baada ya kuwapoteza wazuiaji wake wote watano walioanza mwaka uliotangulia, ikashinda mechi 2 kati ya 8 za ligi, sawasawa na Missouri ya 2012. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, na fedha zimeruhusiwa, kwa hiyo mtu angedhani mstari hununuliwa sokoni. Kweli mmoja mmoja hununuliwa. Lakini yale maelewano ya nyonga hayasafiri na mtu mmoja.

Mmoja wa hao watano walioiacha Oklahoma ni Cayden Green. Alihamia Missouri. Novemba 2024 timu hizo zilikutana Columbia, zikawa sare ya 23 dakika ya mwisho, kwotabeki wa Oklahoma akagongwa na mpira ukamtoka. Aliyeuokota ni Zion Young, mtu wa mstari wa mbele wa ulinzi, akakimbia nao yadi 17 hadi mwisho wa uwanja, zikiwa zimebaki sekunde 22. Kwa ukubwa ule, alikimbia vizuri.