Kosa na Jina Lake

Kitabu cha Pinki Virani, *Aruna's Story*, kilichotoka India mwaka 1998, kimebeba katika anwani yake ndogo neno ambalo hukumu haikulitamka: ubakaji. Hapo ndipo thamani yake ianziapo.

Aruna Shanbaug alikuwa muuguzi katika Hospitali ya King Edward Memorial, Mumbai, mji ambao manahodha wa pwani waliuzoea kwa jina la Bombay. Tarehe 27 Novemba 1973, alipoteremka chini ya jengo kubadilisha nguo baada ya zamu, mfagizi wa hospitali hiyohiyo alimvizia, akamkaba shingo kwa mnyororo wa mbwa, akambaka. Ubongo ulikosa hewa. Aruna akalala wodini humo, asijiweze, hadi alipofariki tarehe 18 Mei 2015. Mshitakiwa alifungwa miaka 7 kwa kushambulia na kunyang'anya, kubaka hakukuwamo. Mficha uchi hazai, wahenga walinena. Hapa aliyesitiriwa aibu ndiye aliyepokonywa haki. Virani analirejesha neno mahali pake, na kukiita kitu kwa jina lake ni kazi ya mshairi pia.

Hata hivyo, kisa cha mtu mmoja kina mtego wake: msomaji humlilia Aruna akalisahau jengo. Wauguzi wa Mumbai hawakulisahau. Waligoma baada ya shambulio lile, wakidai mazingira bora ya kazi, kisha wenzao wa hospitali hiyo wakamtunza mgonjwa wao kizazi baada ya kizazi. Virani alipoiomba Mahakama ya Juu Aruna aachwe afe, ombi lilikataliwa tarehe 7 Machi 2011, na wafanyakazi wa hospitali wakatambuliwa kuwa ndio wenye haki ya kumsemea. Mwandishi aliyelirejesha neno akaambiwa kwamba kauli ni ya waliomwosha na kumlisha.

Agosti 2024, katika hospitali ya R. G. Kar, Kolkata, daktari kijana alibakwa na kuuawa alipokuwa amejipumzisha katika ukumbi wa semina wakati wa zamu ndefu. Safari hii neno lilitamkwa, madaktari wakagoma nchini kote, na Januari 2025 mkosaji akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini muuguzi wa 1973 alikosa pa kubadilishia nguo kwa amani, na daktari wa 2024 alikosa pa kulala. Anayekisoma kitabu hiki leo na azitazame ngazi na kumbi zake pia, si jeraha pekee.