Sifa ya Risasi ya Polepole

Ukitaja ustadi wa bunduki, wengi hufikiria nguvu na umbali: risasi inayotoboa, inayofika ng'ambo ya bonde, inayomwangusha mnyama mkubwa. Kwenye ranchi za magharibi ya Marekani, kuanzia Montana hadi California, upo ustadi mwingine ambao hausifiwi sana, nao ni wa kupunguza. Mfugaji anayesumbuliwa na kindi wa ardhini shambani, panya ghalani na kwezi kwenye paa la banda la ng'ombe ana risasi za namna nyingi za kuchagua. Akiwa mjuzi, atachukua iliyo dhaifu kuliko zote miongoni mwa zile zinazoweza kuua papo hapo. Nadai kwamba uchaguzi huo ni mgumu kuliko kulenga kwenyewe, kwa kuwa nguvu yoyote inayoondolewa kwenye risasi sharti ifidiwe na mpigaji kwa macho yake, miguu yake na subira yake.

Chombo chenyewe ni kidogo mno. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyotoka kwenye kiwanda cha J. Stevens mwaka 1887 na ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, ina urefu wa sentimita 2.5 hivi kutoka kitako hadi ncha. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 na kimepakwa nta inayoacha weusi vidoleni. Fataki yake imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, ndiyo maana ganda likishapigwa halijazwi tena, hutupwa. Wenye bunduki kubwa hukaa mezani wakipima baruti na kujitengenezea risasi wanazozitaka. Mwenye .22 hana meza hiyo. Anachoweza ni kuchagua tu, na hapo ndipo ufundi wake wote ulipo.

Anachokichagua hasa ni kasi. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20. Risasi ya .22 ya kasi kubwa hutoka mtutuni kwa mita 375 hivi, kwa hiyo huitangulia sauti na kuacha nyuma yake mpasuko mkali. Mpasuko huo hautoki kwenye bunduki. Unaandamana na risasi njia nzima, na kiwambo cha kuzuia sauti hakiufikii, maana kazi ya kiwambo ni kutuliza gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu, basi. Dawa ya mpasuko ni moja tu: risasi iende polepole kuliko sauti. Za kawaida za mashindano huenda mita 326, zilizotengenezwa mahususi kwa ukimya 320, na zipo zinazotambaa kwa mita 216 tu, ambazo zikipigwa kwenye mtutu mrefu, mlio wa chuma kinachogonga kitako hushindana na mlio wa baruti. Lakini mstari huo wa kasi ya sauti hautulii mahali pamoja. Baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, jambo la kawaida Montana, sauti yenyewe hushuka hadi mita 325, na risasi iliyopita kimya mwezi Julai inaweza kupasua hewa mwezi Januari. Baruti nayo hupoa, kwa hiyo hesabu haiishii hapo. Anayechagua kwa kusoma maandishi ya kisanduku pekee amefanya nusu ya kazi.

Ukimya huo una faida gani? Kwetu, mtoto anayewinga ndege kwenye mpunga hupiga debe makusudi. Kelele ndiyo silaha yake, kwani anataka waondoke. Mfugaji anataka kinyume chake. Kindi wa ardhini huishi kwa makundi, na mmoja akishtuka hupiga mluzi, wote wakazama mashimoni. Mshindo mmoja mkubwa unaweza kumaliza kazi ya asubuhi nzima. Risasi ya polepole ikimpata mmoja, wa pili anaweza kuinua shingo, akatazama, akarudi kwenye majani ya luseni. Tena wamo ng'ombe wenye mimba, farasi ambaye hajazoea, jirani aliyelala, na masikio ya mpigaji mwenyewe, ambayo yakishaharibika hayaponi. Hasara anayoitia kindi ni ya kweli: hula malisho, hutoboa kingo za mifereji ya umwagiliaji hadi maji yakapotea, huacha vichuguu vinavyoharibu visu vya mashine za kukatia majani. (Kisa cha farasi kuvunjika mguu shimoni husimuliwa mno, mfereji uliobomoka ndio unaokula pesa kila mwaka.) Ndani ya banda lenye paa la bati mambo hugeuka tena: hapo hata risasi ya mita 216 ni kubwa, itatoboa bati, na mwenye busara huiacha kabisa akachukua bunduki ya hewa.

Kuna faida ambayo wasiojua huishangaa: ya polepole mara nyingi hulenga vizuri zaidi. Risasi inayotoka kwa kasi kuliko sauti hupungua njiani, na mahali inapoivuka tena kasi ya sauti hutikiswa na hewa na huweza kuyumba. Ile iliyoanza chini ya mstari huo haina mpaka wa kuvuka. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano ya mita 50, wasiojali panya wala kindi, nao hutumia za polepole. Hata hivyo kila mtutu una tabia yake. Ukiweka karatasi mita 50 mbele, ukapiga tano tano za aina mbalimbali kwa bunduki ile ile, utaona aina moja ikikusanya matundu yake mahali pamoja na nyingine ikiyatawanya, na hakuna orodha ya kiwanda itakayokuambia mapema ni ipi. Bunduki zinazojijaza zenyewe hukataa zile dhaifu sana, maana msukumo hautoshi kurudisha komeo. Hapo bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono hushinda, pamoja na uzee wake.

Pingamizi zito ni la huruma. Je, kupunguza nguvu si kumtesa mnyama? Tuipime. Ya kasi kubwa hubeba jouli 180 hivi, ya ukimya 130, na ile ya mita 216 hubeba 60. Kwa mnyama asiyefika kilo 1, jouli 60 zikiingia kichwani zinatosha. Zikiingia tumboni, hata 180 hazitamwokoa na mateso. Kinachotesa ni kukosea mahali, na risasi ya polepole huwaadhibu wanaokosea. Kufika mita 50, ya 320 huwa imeanguka sentimita 13 hivi chini ya mstari wa mtutu, na ya 216 sentimita 27. Ukikosea umbali kwa hatua chache, umekosea kiungo. Kwa hiyo anayeichagua amejifunga kusogea, kupiga akiwa mita 30 au 40, na kuiacha shabaha ya mbali ipite. Naona kifungo hicho ndicho sehemu bora ya ufundi huu. Anayeichukua risasi hiyo kumkabili koyoti, huyo ni mkatili, na utulivu wa mlio wake haumtetei.

Wengine watauliza kwa nini usitumie sumu, ikaisha. Ni kweli kwamba bunduki haiwezi kumaliza kundi kubwa la kindi. Wakiwa wengi shamba zima, mpigaji mmoja atakesha bure. Ufundi huu unafaa kundi dogo, au mabaki baada ya mitego. Lakini sumu za kuzuia damu kuganda haziishii kwa panya. Bundi akimla panya aliyekula sumu, anaimeza naye, na California ilikwishazibana zile kali zaidi kwa sheria ya 2020. Risasi humchagua mmoja aliyeonekana. Wanaosema ukimya ni rafiki wa jangili nao wana hoja, kwani majangili wametumia .22 tangu zamani. Ila majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu kuwinda kulungu kwa risasi hizo, na viwambo vya sauti vimesajiliwa kwa sheria ya shirikisho tangu 1934. Isitoshe, risasi ya polepole si mchezo: visanduku vyenyewe huonya kuhusu hatari ya hadi maili moja na nusu, na kichwa cha mviringo kinachokwenda taratibu hudunda kwenye jiwe au ardhi ngumu na kuelekea usikokutarajia. Pasipo kichuguu au ukingo wa udongo nyuma ya kindi, usipige.

Pingamizi ambalo sina jibu kamili kwake ni la sumu ya madini ya risasi yenyewe. Tai na kondori hula mizoga, na vipande vidogo vya madini hayo huwaua. Kichwa kizima kinachokwenda polepole hupasuka kidogo kuliko chenye tundu nchani kinachokwenda kasi, lakini kidogo si sifuri. California imepiga marufuku risasi za madini hayo kwa kuua wanyamapori tangu tarehe 1 Julai 2019. Ya shaba inayouzwa badala yake ina uzito wa gramu 1.4 tu na hukimbia mita 560 kwa sekunde, yaani ukimya wote umepotea. Kwa sasa, anayelazimika kuchagua kati ya kimya na tai amchague tai. Kwingineko, ambako sheria bado inaruhusu, kila mzoga uokotwe na kufukiwa siku hiyo hiyo.

Kwa mfugaji anayeanza, ushauri ni huu: nunua kisanduku kimoja kimoja cha aina nne au tano za chini ya kasi ya sauti, uzipige zote kwenye karatasi, asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Ukiipata inayokusanya matundu yake ndani ya upana wa sarafu, rudi dukani upesi ununue ya msimu mzima yenye namba ile ile ya toleo. Toleo linalofuata, hata la kiwanda hicho hicho, litabidi lipimwe upya.