Bei ya Mnadani na Gharama ya Kumiliki: Hesabu ya Jukwaa la Mkasi Lililotumika

Mkandarasi wa Marekani anayefunga taa, mabomba ya hewa au dari ndani ya majengo hutegemea sana jukwaa la mkasi, yaani mtambo wa umeme ambao sakafu yake hupandishwa na vyuma vinavyopishana, vikisukumwa na silinda ya haidroliki. Aina inayotafutwa zaidi na wakandarasi wadogo hubeba namba 1930 katika majina ya watengenezaji zaidi ya mmoja, kwa sababu sakafu yake hufika futi 19, takriban mita 5.8, na upana wa mwili wake ni kama inchi 30, kiasi cha kupita mlangoni. Mengi ya majukwaa ya mitumba hutoka katika kampuni za kukodisha, ambazo huyauza baada ya miaka kadhaa ili ziingize mapya. Kwa hiyo mnunuzi hupata mtambo ulioendeshwa na watu wengi wasio na uchungu nao, ingawa mara nyingi kumbukumbu zake za matengenezo huwa kamili kuliko zile za mmiliki mdogo.

Uamuzi wa kununua au kukodi hukokotolewa kwa mwaka, na bei ya kununulia ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba jukwaa linanunuliwa kwa dola 6,000 na kuuzwa baada ya miaka 4 kwa dola 2,500: uchakavu, yaani thamani inayopotea, ni dola 875 kwa mwaka. Ikiongezwa dola 200 za betri, 600 za ukaguzi na 700 za matengenezo, jumla hufika dola 2,375. Ikiwa kukodi ni dola 500 kwa mwezi, anayehitaji jukwaa kwa miezi isiyofika 5 katika mwaka hana sababu ya kununua. Punguzo la dola 1,000 ambalo mnunuzi hulipigania kwa jasho mnadani huokoa dola 250 kwa mwaka, sawa na nusu ya mwezi wa kukodi, na hitilafu moja ya kisanduku cha umeme kinachoongoza mota huweza kulimeza lote.

Ukaguzi haupungui kwa sababu mtambo ulinunuliwa rahisi. Viwango vya Marekani vya mitambo hii, vinavyojulikana kama ANSI A92, vinataka ukaguzi wa mara kwa mara kila miezi 3 au saa 150 za kazi, kutegemea kinachotangulia, na ukaguzi wa mwaka usiochelewa kupita miezi 13 tangu ule uliotangulia. Toleo lililoanza kutumika mwaka 2020 liliongeza sharti kwamba mitambo mipya iwe na kipima mzigo, kifaa kinachozuia jukwaa lisiendelee kufanya kazi linapozidiwa uzito. Mitambo iliyotengenezwa kabla ya hapo haikulazimishwa kufungwa kifaa hicho, na hapa ndipo umri, jambo la kushangaza kidogo, unapoweza kuwa nafuu: jukwaa la zamani lina vihisi vichache vya kuharibika na vya kurekebishwa upya, japo mwendeshaji wake anabaki na wajibu wote wa kujua uzito anaoupandisha.

Betri ndizo zinazosema ukweli wa matunzo ya zamani. Jukwaa la aina hii hutumia betri 4 za risasi na asidi, kila moja ya volti 6, zilizounganishwa kwa mfululizo ili zitoe volti 24. Betri ikiachwa bila chaji kwa wiki nyingi, chumvi ya salfeti hugandamana juu ya bamba za risasi, na uwezo unaopotea kwa namna hiyo haurudi wote; vivyo hivyo maji yakishuka hadi bamba zikabaki wazi. Mnunuzi makini hupima uzito wa asidi kwa haidromita katika kila chemba, kwani kusoma volti peke yake, mtambo ukiwa umetulia na umetoka kuchajiwa, huficha betri iliyokufa nusu. Chemba moja iliyo chini mno kuliko nyingine huashiria kwamba seti nzima itabadilishwa, maana betri mpya ikichanganywa na kuukuu hurudishwa nyuma na wenzake.

Saa za kazi zinazoonyeshwa na mita, kwa upande wake, hupewa uzito mkubwa kuliko zinavyostahili. Jukwaa lenye saa chache lililokaa nje miaka mingi huwa na sili zilizokauka na mipira ya haidroliki iliyopasuka, ilhali lenye saa nyingi lililofanya kazi ndani ya ghala huenda likahitaji pini na bushi za viungo tu. Uchezaji wa viungo hivyo huonekana sakafu ikiwa imepandishwa nusu na kutikiswa taratibu, huku mkono wa usalama unaoizuia isishuke ukiwa umewekwa.

Hesabu hii haihamishwi moja kwa moja kwenye mitambo ya mkono mrefu inayofanya kazi nje kwenye ardhi mbovu. Mingi ya hiyo hutumia magurudumu yaliyojazwa povu zito, ambalo uzito wake umehesabiwa katika uthabiti wa mtambo, kwa hiyo hayabadilishwi kwa ya upepo bila idhini ya mtengenezaji. Chini ya mkono huo kuna beringi kubwa inayouwezesha kuzunguka, na kuibadilisha hudai kunyanyuliwa kwa sehemu yote ya juu kwa kreni; ndiyo maana uchezaji wake hupimwa kabla mnunuzi hajataja bei yoyote.