Gramu moja ndani ya maikrovolti mbili

Lodseli ya kilo tano, kihisi cha uzito cha mizani, ni pau fupi ya alumini yenye tundu katikati. Mzigo ukiwekwa juu yake, jicho halioni kitu kikisogea. Pau imepinda hata hivyo, na zinazolijua hilo ni streni geji nne zilizogandishwa juu na chini ya lile tundu: nyuzi nyembamba za metali zilizokunjwakunjwa juu ya plastiki. Geji ikivutwa, ukinzani wake hupanda, ikibanwa, hushuka.

Badiliko lenyewe ni dogo mno. Geji ya omu 350 ikirefuka kwa sehemu moja ya elfu, ukinzani huongezeka kwa omu 0.7 tu. Joto la mchana nalo hubadilisha ukinzani, na geji ikiwa peke yake huwezi kujua kilichoongezeka ni mzigo au jua. Jibu ni daraja la Wheatstone. Geji nne huungwa kwa umbo la mraba, mbili zinazovutwa zikitazamana, na mbili zinazobanwa vivyo hivyo. Joto likipanda, zote hupanda pamoja na tofauti ya volti hubaki karibu na sifuri. Mzigo ukija, mbili hupanda, mbili hushuka, na ishara huwa mara nne ya ile ya geji moja. Kwangu hii ndiyo sehemu bora kuliko zote katika saketi nzima: kosa linafutwa kabla ya programu kuandikwa.

Daraja hilo likipewa volti 5, hutoa kama milivolti 10 kwa kilo zote tano, yaani maikrovolti 2 kwa gramu. Pini ya analogi ya bodi ya mikrokontrola ya Arduino Uno hupima kwa hatua za karibu milivolti 4.9, kwa hiyo mzigo mzima ungeonekana kama hatua mbili. Ndipo inapoingia chipu ya HX711, inayokuza ishara mara 128 na kuigeuza kuwa namba ya biti 24.

Kuisoma kunahitaji waya mbili, DT na SCK. DT ikishuka, namba iko tayari. Mikrokontrola hutuma mapigo 24 kuivuta, na la 25 huchagua ukuzaji wa usomaji unaofuata. SCK ikibaki juu zaidi ya maikrosekunde 60, chipu hujizima. Kwa hiyo zuia programu isikatizwe na kazi nyingine katikati ya mapigo, la sivyo utaona namba za ajabu na kuilaumu lodseli bure. Kwa kasi, chagua usomaji 10 kwa sekunde badala ya 80: ni wa polepole, lakini huchuja mvumo wa umeme wa hezi 50 tunaotumia.

Mizani nyingi za kujitengenezea huharibikia kwenye bolti. Ncha moja ya pau ifungwe kwenye kitako, nyingine kwenye sahani, na kila upande uwekewe washa ili katikati kusiguse kitu. Pau ikigusa kitako, sehemu ya uzito hupita pembeni na geji haziioni. Hakuna programu itakayourudisha.

Kisha soma mizani ikiwa tupu, weka jiwe la mizani lililohakikiwa, ugawanye tofauti kwa gramu zake. Pakiti ya unga haifai kwa kazi hii. Na ukitaka kuuza bidhaa kwa mizani hiyo Tanzania, lazima kwanza ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.