Kufasiri programu bila kuipasua: katalogi za Amiga

Mjerumani aliyenunua Amiga 500 mwishoni mwa miaka ya 80 alipewa kibodi ya kwao: Z na Y zimebadilishana nafasi, na ä, ö na ü kila moja ina kibonye chake. Akiandika barua, ilitoka kwa Kijerumani kisicho na dosari. Lakini akifungua menyu, mashine ilimsemesha Kiingereza. Commodore walikuwa na kiwanda Braunschweig, na Ujerumani ilikuwa mojawapo ya masoko yao makubwa, ila mfumo endeshi wenyewe ulijua lugha moja tu. Kuandika kwa lugha yako, ruksa. Kusemeshwa kwa lugha yako, subiri.

Waliochoka kusubiri walijifanyia wenyewe. Njia ilikuwa kufungua faili la programu kwa kihariri cha baiti, kutafuta maneno yanayosomeka katikati ya msimbo, na kuandika juu yake. Ubaya ni kwamba nafasi haiongezeki. Neno Quit lina herufi 4, Beenden lina 7. Herufi 3 zinazozidi zitafuta kitu kingine kilicholala pembeni, na huenda kitu hicho ni amri ya mashine. Ndiyo maana tafsiri za enzi hizo zilijaa vifupisho ambavyo hata Mjerumani mwenyewe ilibidi avitafakari. Waandishi wa programu waliojali walitoa matoleo mawili kamili, moja kwa kila lugha, kisha wakajikuta wanarekebisha kosa lilelile mara mbili. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa mbele kidogo, kwa sababu maneno yake yalikaa sehemu maalumu ya faili, na kwa chombo kiitwacho ResEdit uliweza kuyabadili bila kugusa msimbo. Hata huko, matokeo yalikuwa nakala nyingine ya programu: moja ya Kifaransa, moja ya Kiingereza, na kadhalika.

Mwaka 1992 Commodore walitoa toleo 2.1 la mfumo wa Amiga. Lilikuja kwenye disketi tu, bila kubadilisha chipu ya ROM, na ndani yake kulikuwa na maktaba iliyoitwa locale.library. Watu wengi huikumbuka kwa dirisha lake la kuchagua nchi na lugha. Kwa maoni yangu kazi yenyewe ilikuwa kwenye chombo kidogo cha wasanidi kilichoandamana nayo, kile kinachogeuza orodha ya sentensi kuwa katalogi. Commodore walikuwa na chao, CatComp. Baadaye Jochen Wiedmann aliandika FlexCat, kikatolewa bure chini ya leseni ya GPL, na ndicho kilichoenea, kwa hiyo nitafuata hicho.

Mwandishi wa programu huanza kwa kutoa sentensi zote kwenye msimbo wake na kuziweka katika faili la maelezo, lenye jina linaloishia na .cd. Kila sentensi hupewa jina na namba:

MSG_MENU_QUIT (12//)
Q\000Quit
;

Mtafsiri hupewa faili la pili, la .ct, lenye majina yaleyale bila namba. Yeye hujaza tu:

MSG_MENU_QUIT
Q\000Beenden
; Q\000Quit

Mambo kadhaa yamejificha kwenye mistari hii michache. Mikwaju miwili baada ya 12 ni nafasi ya kuandika urefu wa chini na wa juu wa sentensi. Mwandishi akijua kuwa kibonye chake hakibebi zaidi ya herufi 20, anaandika, na chombo kitamwonya mtafsiri aliyepitiliza. Q iliyotangulia ni herufi ya njia ya mkato kwenye kibodi, imetengwa na jina la menyu kwa baiti ya sifuri, na iko ndani ya sentensi makusudi ili mtafsiri aweze kuibadilisha lugha yake ikidai. Na ule mstari wa mwisho wenye nuktamkato ni sentensi ya asili iliyonakiliwa kama maelezo. Mashine haiusomi. Upo ili mtafsiri asifungue mafaili mawili kwa wakati mmoja.

Kinachotoka mwishoni ni faili la katalogi lenye muundo wa IFF, uleule uliotumika kwa picha na sauti kwenye Amiga: kipande cha toleo, kipande cha jina la lugha, kipande cha seti ya herufi, na kipande cha sentensi zenyewe, kila moja ikitanguliwa na namba yake na urefu wake. Majina kama MSG_MENU_QUIT hayamo tena. Yamebaki kwa binadamu. Programu inajua 12 tu. Ni kama namba ya sanduku la posta: barua zinabadilika kila siku, namba iko palepale.

Kufikia hapo hakuna jipya sana, kwani mashine za Unix nazo zilikuwa na katalogi za namba. Cha kutazama kwenye Amiga ni mahali ilipoacha sentensi za asili. FlexCat haizitoi kwenye programu. Inazigeuza kuwa msimbo na kuzirudisha ndani, pamoja na kipande kifupi cha kazi ya kuzitafuta. Programu ikiwaka, inaiomba locale.library ifungue katalogi. Jibu likiwa sifuri, yaani hakuna kilichofunguliwa, programu haisimami wala hailalamiki. Inaichukua sifuri hiyohiyo na kuipeleka kwenye GetCatalogStr pamoja na namba 12 na sentensi ya asili, na kazi hiyo inairudisha sentensi ya asili kama ilivyo.

Aliyezoea kuandika programu atashtuka, maana kwa kawaida sifuri ni habari mbaya na kuipuuza ni uzembe. Hapa sifuri ina maana tatu na zote ni za heri: labda katalogi ya lugha yako haijaandikwa bado, labda umeifuta kupunguza mzigo kwenye disketi ya kilobaiti 880, labda lugha unayoitaka ndiyo ile iliyomo ndani, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua chochote. Na kwenye mashine ya zamani isiyo na locale.library kabisa, kile kipande kilichotengenezwa na FlexCat hugundua hivyo na kutoa sentensi ya asili. Programu moja, faili moja, inakwenda popote. Katalogi ni nyongeza; ukiiweka inasema Kijerumani, ukiitoa inarudi Kiingereza, na hakuna kilichovunjika.

Kutokana na uamuzi huo FlexCat inapata nafasi ya kubana matumizi. Sentensi ambayo tafsiri yake inafanana na ya asili, tuseme OK, haiandikwi kwenye katalogi. Programu itaikosa, itatumia ya ndani, na mtumiaji hatajua. Baiti chache, ndiyo, lakini Amiga 500 ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 512 za kumbukumbu na katalogi nzima hupakiwa humo.

Pia mtumiaji hakuwa amefungwa kwa lugha moja. Aliweza kupanga hadi lugha 10 kwa mfuatano: Kidenmaki kwanza, kikikosekana Kiswidi, kikikosekana Kijerumani. Maktaba ilitafuta kwanza kwenye folda ya programu yenyewe, kisha kwenye folda ya mfumo, lugha kwa lugha. Mdenmaki yeyote angekueleza kwa nini huo ni ustaarabu.

Penye hatari ni alama za kujaza nafasi. Sentensi nyingi zina mahali pa kuingizia namba au jina la faili: %ld kwa namba, %s kwa maneno. Herufi ndogo l katikati ya %ld inaonekana kama uchafu, na mtafsiri asiye mtaalamu anaweza kuiacha. Tuone kinachotokea. Kwenye Amiga, %ld huchukua baiti 4, %d huchukua 2. Tuseme programu imetuma namba 3 ikifuatiwa na anwani ya jina la faili. Kwenye kumbukumbu namba 3 inakaa kama 00 00 00 03. Kwa %d mashine inasoma baiti 2 za mwanzo, inakuta sifuri, inaandika 0 kwenye skrini. Hilo ni kosa dogo. Kisha inafika kwenye %s, na inaanza kusoma pale ilipoachia: inachukua 00 03 zilizobaki kwenye namba, inaziunganisha na nusu ya kwanza ya anwani ya jina, na kuifanya hiyo anwani. Inakwenda huko ilikotumwa na kunakili chochote inachokikuta mpaka igonge baiti ya sifuri. Bahati ikiwa nzuri, unaona takataka. Bahati ikiwa mbaya, takataka hizo ni ndefu kuliko nafasi iliyoandaliwa, zinafurika, na kwa kuwa Amiga haikuwa na ulinzi wa kumbukumbu kati ya programu na programu, mashine nzima inaanguka. Yote hayo kwa herufi moja iliyopungua kwenye faili la maneno.

Matoleo ya baadaye ya FlexCat yalianza kulinganisha alama hizi kati ya sentensi ya asili na tafsiri, na kupiga kelele zisipolingana. Yanakagua pia nafasi tupu mwishoni mwa sentensi na zile nukta tatu zinazofuata jina la menyu inayofungua dirisha. Ukaguzi wa aina hii hausifiwi na mtu, lakini unawarahisishia kazi wafasiri wasiojua kuandika programu. Wafasiri wa kujitolea walijipanga chini ya Amiga Translators' Organization, na mwandishi aliyekuwa Ufini aliweza kuletewa katalogi ya Kihispania na mtu asiyewahi kuuona msimbo wake. Commodore walifilisika Aprili 1994. Katalogi mpya ziliendelea kutoka.

Mpangilio wa maneno ulifikiriwa pia. Lugha ikitaka jina la pili litangulie, mtafsiri anaandika %2$s kabla ya %1$s na maktaba inapanga. Wingi na umoja haukufikiriwa. Katalogi ina nafasi moja kwa kila namba, basi. Waandishi makini walitoa sentensi mbili, moja ya faili moja na nyingine ya mafaili mengi, na Wajerumani wakaridhika. Wapolandi hawakuridhika, kwa sababu kwao faili 1 ni plik, 2 ni pliki, 5 ni plików. Sisi tungepona kwa sentensi mbili mpaka tukutane na sentensi ambayo programu inaingiza nomino yenyewe: %s imefutwa. Folda imefutwa, sawa. Faili imefutwa, watakuelewa. Kitabu imefutwa, hapana. Dawa ni mwandishi kuandika sentensi kamili kwa kila nomino, na wachache walikuwa na subira hiyo.

Urefu wa maneno nao ulisumbua hasa kwenye madirisha yaliyochorwa kwa vipimo vya pikseli. Maktaba ya MUI ya Stefan Stuntz, iliyopanga vibonye yenyewe kufuata maneno, ililimaliza tatizo hilo kwa programu zilizoitumia.

Tatizo la Wapolandi halikuishia kwenye wingi. Amiga ilitumia seti ya herufi inayotosha Ulaya ya magharibi, na kile kipande cha seti ya herufi ndani ya katalogi kilijazwa sifuri, ikimaanisha hiyohiyo. Nafasi ilitengwa lakini haikupewa kazi. Kwa hiyo Wapolandi walibuni mpangilio wao, AmigaPL, na watumiaji wa herufi za Kisirili wakapata Amiga-1251, na katalogi zao zilisomeka tu kwa mwenye fonti sahihi.

Kiswahili kisingepata shida hiyo hata kidogo. Herufi zetu zote zimo, na ng' inahitaji kiapostrofi tu. Unaweza leo kuchukua faili la .cd la programu yoyote ya Amiga iliyo wazi, ukaiambia FlexCat itengeneze .ct tupu, ukaijaza. Ila ili Kiswahili kitokee kwenye dirisha la kuchagua lugha, unahitaji pia kiendeshi cha lugha, na hicho si faili la maneno. Ni kipande cha msimbo kinachompa mfumo majina ya siku na miezi, neno la ndiyo na la hapana, la jana na la kesho. Orodha hiyo inajazika bila taabu mpaka kwenye saa. Huko zipo nafasi mbili tu, ya kabla ya adhuhuri na ya baada yake, na hakuna mahali popote pa kuuambia mfumo kwamba saa 1:00 unayoionyesha, sisi tunaiita saa saba, wala pa kuweka asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mtafsiri atabaki na hiari mbili: aziache nafasi zile tupu na kutumia saa 24, au aandike kiendeshi kisha abandike saa yake mwenyewe juu ya ile ya mfumo.