Heko kwa Jarida la Potchefstroom

Mwaka 1998, wengi wetu tukiwa hatujaigusa intaneti, wanazuoni wa sheria wa Potchefstroom, Afrika Kusini, walianzisha jarida la kielektroniki. PER, kama linavyojulikana kwa kifupi, bado linasomwa bure: mwanafunzi wa Mwanza mwenye bando la siku analipakua sawa na jaji. Ila bure si holela. Makala huondolewa jina la mwandishi kabla ya kupelekwa kwa wataalamu waikague, nao pia hawatajwi kwake. Profesa mwenye jina kubwa anapimwa kwa hoja na rejea zake tu. Zikipwaya, anarudishiwa kazi kama mwingine yeyote. (Inauma, lakini ndiyo haki.) Hongera zao. Vyuo vinavyofungia majarida yao kabatini viige.