In the Heights: Ugomvi Uliofutwa Ndani Ukazuka Nje



Nataka kusema mawili matatu juu ya senema ya In the Heights, iliyotoka Marekani Juni 2021. Juzi nimeitazama tena na wanangu, na lile zogo la wakati ule likanirudia kichwani. Wengi wetu tulilipuuza: ati hao ni Wamarekani na rangi zao. Mie siku hizi naona watazamaji waliokasirika waliisoma senema ile vizuri zaidi kuliko wahakiki wengi wa magazeti.

Kwa asiyeijua: asili yake ni mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma. Nyimbo ni za Lin-Manuel Miranda, hadithi imeandikwa na Quiara Alegría Hudes. Uliingia Broadway mwaka 2008, na mwaka huo huo ukapata tuzo ya Tony ya mchezo bora wa nyimbo. Mambo yanatokea Washington Heights, upande wa juu wa Manhattan, mtaa wenye watu wengi wa asili ya Jamhuri ya Dominika. Usnavi ana kiduka cha pembeni na ndoto ya kurudi kwao. Nina kasoma mpaka Stanford, karudi kichwa chini. Yupo Abuela Claudia, bibi aliyewalea wote bila kumzaa hata mmoja. Na ipo tiketi ya bahati nasibu ya dola 96,000. Sisi tuliohama hatuhitaji mkalimani hapo.

Senema iliongozwa na Jon M. Chu, na mapokezi yake yalikuwa ya namna mbili. Kwanza furaha. Wahakiki waliisifu, na wale CinemaScore, wanaowauliza watu mlangoni wakitoka, walipata alama ya A. Kweli wikiendi ya kwanza iliingiza dola milioni 11 na nusu hivi tu, na gharama yake ilikuwa kama milioni 55. Lakini ilikuwa zama za Covid, na siku hizo hizo ilionyeshwa majumbani kupitia HBO Max.

Pili ikaja hasira. Watu wakauliza: Wadominika weusi wa mtaa huu wako wapi? Wachezaji ngoma wa nyuma, sawa, wamo. Lakini mbele, penye majina na mapenzi, karibu wote ni maji ya kunde au weupe zaidi. Felice León wa The Root aliwauliza wahusika swali hilo uso kwa uso. Wakajibu kuwa walitafuta waliofaa zaidi kwa kila nafasi. Jibu hilo liliwasha moto badala ya kuuzima. Juni 14 Miranda akaomba radhi hadharani. Rita Moreno, mkongwe wa West Side Story, akamtetea kwenye televisheni, akidokeza kuwa watu wangoje kidogo. Siku ya pili naye akaomba radhi. "Ngojeni kidogo"! Nani kati yetu hajaambiwa hivyo na jamaa zake mwenyewe?

Swali langu ni hili: mbona jukwaani halikuzuka zogo kama hili? Maana na kule Broadway wahusika wakuu hawakuwa weusi tititi, ukimtoa Benny.

Sababu moja ni nyepesi. Jukwaani mtaa ni mbao na rangi, na mtazamaji anakubali kuwa ni mfano tu. Senema ilipigwa Washington Heights kwenyewe, barabarani, mchana kweupe. Ukishasema "huu ndio mtaa wenyewe", wenye mtaa watakuja kujihesabu. Na wakijihesabu wakajikuta pungufu, usiwalaumu.

Sababu ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Katika mchezo wa jukwaani, Kevin, baba yake Nina, ana kampuni ya magari ya kukodi, na Benny ni kijana wake wa kazi. Benny ni Mmarekani mweusi. Kevin anampenda kama mfanyakazi, lakini hamtaki awe na bintiye, kwa kuwa si mwenzao. Yaani ubaguzi wa ndani ya nyumba ulikuwa umesemwa kwa mdomo, mbele ya watu. Kwenye senema ugomvi huo umefutwa. Benny na Nina wanapendana, na rangi haileti neno. Ubaguzi unaobaki unatoka nje tu: Nina anadhaniwa mwizi na mwenzake wa chumbani chuoni, na Sonny, binamu yake Usnavi, hana karatasi.

Nyongeza hizo nzuri, sizibezi. Lakini tazama kilichotokea: senema ilimwambia mtazamaji kuwa mtaani hapa hatubaguani, na pale pale ikamwonyesha waliochaguliwa mbele na walioachwa nyuma. Mtazamaji akasema, hebu ngoja. Maneno aliyonyang'anywa Kevin yakasemwa na watu waliolipa tiketi.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Katika ukoo wangu, huku ugenini, binti mmoja aliposwa na kijana safi, msomi, mwenye dini yake. Hakuna aliyesema "mweusi". Ikasemwa "hatuwajui kwao". Sote tulijua maana yake, na mie nilikuwa nimekaa pale nikinywa chai, kimya. Sisi wa pwani, na khasa tulio Ughaibuni, tunapenda kusimulia yale tuliyofanyiwa na wenyeji. Yale tunayofanyiana wenyewe tunayakata, kama walivyokata hawa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Senema ni nzuri: ngoma ya 96,000 ndani ya bwawa la kuogelea ni raha ya macho, na Olga Merediz, aliyekuwa Abuela Claudia Broadway vile vile, anakutoa machozi. Itazameni. Lakini anayetaka kuupenda mtaa wake kweli asimfute Kevin. Amwache aseme ubaya wake, ili na Benny apate nafasi ya kumjibu.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kuniona nimekosea anisahihishe.